Chama cha mawakili na kazi zake (2): Wakili akikukosea, umshitaki wapi?

Juma lililopita tulieleza jinsi Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kilivyoanzishwa kwa sheria mwaka 1954, na kwamba jina la Tanganyika limebaki kwa kuwa mawakili wa Zanzibar wana chama chao. Leo tujibu swali la wasomaji wengi. Wakili amekula pesa za mteja, au ameacha kuhudhuria mpaka kesi ikafutwa. Ashitakiwe wapi?

Wengi watasema TLS, na hapo wanapatia nusu tu. Ni kweli wakili wa kujitegemea hawezi kufanya kazi akiwa nje ya chama hicho. Lakini chama hakimpi mtu uwakili wala hakimvui. Anayemkubali kuwa wakili ni Jaji Mkuu. Jina lake huingia kwenye Daftari la Mawakili analolitunza Msajili wa Mahakama Kuu, na leseni yake ya kila mwaka hutoka kwa Msajili huyohuyo. Adhabu iko kwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Humo yumo Jaji wa Mahakama Kuu, upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wakili anayeteuliwa na Baraza la TLS. Kwa hiyo mawakili wenyewe wana kiti kimoja tu.

Mgawanyo huu una faida. Chama kikiachiwa kiwahukumu wanachama wake peke yake, nani ataamini kuwa hakikuwabeba? Ila wakili anayeibana Serikali mahakamani naye anajua kwamba Serikali ina kiti kwenye meza itakayomjadili siku akilalamikiwa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na sijaona dawa yake nzuri zaidi ya maamuzi yenye sababu zilizoandikwa na haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, haki ambayo sheria imeiweka.

Mteja mwenye malalamiko basi aandike, aape, na aambatishe ushahidi: risiti, ujumbe wa simu wa muamala, mwenendo wa kesi unaoonyesha tarehe ambazo wakili hakutokea. Maneno matupu ya "alinidhulumu" hayafiki mbali. Kamati inaweza kumpa wakili onyo, kumsimamisha kwa muda au kuamuru afutwe daftarini. Deni lenyewe ni shauri jingine, na mara nyingi linahitaji kesi ya madai.

Lakini kabla ya yote hayo, je, aliyepokea pesa zako ni wakili kweli? Vishoka, yaani mawakili feki, wamejaa nje ya mahakama na ofisi za ardhi. Kishoka ana koti, ana mkoba, na muhuri wa "Wakili na Kamishna wa Viapo" amechongesha mtaani. Huyo Kamati ya Mawakili haina la kumfanya, maana hayumo daftarini. Ni jinai, apelekwe polisi. Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, ambako jina la wakili hutafutwa na kuonekana kama leseni yake iko hai. Fanya hivyo kabla ya kusaini mkataba wa kiwanja. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na leseni ya mwaka huo, ili mteja asiyejua asiumie. Msomaji wa huku asiubebe uamuzi huo kama ngao. Hapa suala la leseni huibuliwa kama pingamizi na kesi ikayumba.

TLS inabaki na nini, basi? Sheria inaipa jukumu la kukuza maadili na elimu ya mawakili, kuwatetea, kuishauri Serikali na mahakama kuhusu sheria, na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria. Ndiyo maana uchaguzi wa rais wake hufuatiliwa hata na wasio wanasheria. Mwaka 2024 wakili Boniface Mwabukusi alienguliwa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja ya maadili, Mahakama Kuu ikamrudisha, na mwezi Agosti akashinda.

Juma lijalo tutaingia kwenye ada: Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inaruhusu wakili akutoze kiasi gani, na ufanye nini ankara ikizidi.