Jeli ya Testosteroni na Moyo wa Mwanamume Mtu Mzima

Mwishoni mwa 2009 utafiti mmoja nchini Marekani ulisitishwa kabla ya wakati wake. Uliwahusu wanaume 209 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakitembea kwa taabu. Baadhi walijipaka jeli ya testosteroni kila siku, wengine jeli isiyo na dawa. Waliopata homoni waliongezeka nguvu za misuli kweli, lakini 23 kati yao walipatwa na matatizo ya moyo na mishipa, wakati kundi la pili walikuwa 5 tu.

Homoni hii huchochea uloto kutengeneza chembe nyekundu, na zikizidi, damu huwa nzito. Ndiyo maana daktari makini humpima mgonjwa mara kwa mara, na chembe hizo zikipita asilimia 54 ya ujazo wa damu, dawa husimamishwa.

Jibu la uhakika zaidi kuhusu hatari hiyo kwa moyo lilipatikana 2023, kwa utafiti uitwao TRAVERSE. Ulihusisha wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wote wagonjwa wa moyo au walio katika hatari kubwa ya kuugua, na wote wenye dalili za upungufu wa testosteroni uliothibitishwa kwa vipimo. Waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, au kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 7.0 kwa waliotumia homoni na 7.3 kwa wasiotumia. Hofu kubwa ikapungua.

Wengi wameishia hapo kusoma, na hilo linanisikitisha. Utafiti huohuo ulionyesha mapigo ya moyo kwenda mrama kwa asilimia 3.5 ya waliotumia homoni, dhidi ya 2.4. Damu kuganda mapafuni nako kuliongezeka, na hata mifupa ilivunjika zaidi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Tena matokeo hayo hayamhusu mzee mwenye homoni za kutosha anayetafuta ujana. Upungufu huthibitishwa kwa damu iliyochukuliwa asubuhi, siku mbili tofauti. Mwenye kitambi aanze kukipunguza, kwani uzito ukishuka testosteroni yake mwenyewe hupanda. Na anayetaka bado kuzaa aseme mapema: homoni ya kutoka nje huzifanya korodani zipunguze au ziache kabisa kutengeneza mbegu.