Dawa ya Kwapa: Chagua Inayofaa Ngozi na Mfuko Wako



Kutoa kikwapa ni jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulizungumza. Lakini linaumiza watu. Msichana anaacha kuinua mkono darasani. Mama anaketi kando peke yake mkutanoni. Kijana ananunua chupa ya bei kwa pesa za vibarua vya siku mbili, halafu ngozi inawaka kama imepakwa pilipili. Mengi ya haya yanaweza kuzuilika kwa gharama ndogo, tukijua kwanza harufu inatoka wapi.

HARUFU INATOKA WAPI?

Jasho likitoka mwilini halinuki. Kwapani kuna tezi zinazotoa jasho zito kidogo, na tezi hizo huanza kazi mtoto anapobalehe. Ndiyo maana mtoto mdogo hatoi kikwapa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi hula jasho hilo, na hapo ndipo harufu huanza. Kwa hivyo tunapambana na mambo mawili: bakteria na unyevu. Si laana, na si lazima mtu awe mchafu. Wengine wameumbwa na jasho jingi kuliko wenzao.

Tena pua huzoea. Nyani haoni kundule, na mwenye kikwapa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

ANZA NA MAJI NA SABUNI

Kabla ya kununua chochote, fanya haya kwa wiki mbili:

- Osha makwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, suuza vizuri, kisha kausha kwa kitambaa safi. Sabuni ya mche ya kufulia hukausha ngozi. Ya kuogea ni afadhali.
- Punguza nywele za kwapani. Makasi yanatosha. Ukitumia wembe, uwe wako peke yako.
- Geuza nguo ndani nje unapofua, na usugue sehemu ya kwapa. Nguo za nailoni na poliesta hushika harufu kuliko pamba. Ukichagua mitumba ya kuendea shamba, tafuta pamba.
- Hapa kwetu Kakamega mvua ni nyingi na nguo hukawia kukauka. Zikikaa na unyevu zinanuka hata kama zimefuliwa. Zianike juani likitoka, ama uzipige pasi ya makaa.

Kwa watu wengi hayo yanatosha. Dawa ya kwapa ni msaada tu. Ukipaka juu ya jasho la jana unachanganya harufu mbili.

AINA ZA DAWA

Diodoranti hupunguza bakteria na kufunika harufu kwa manukato. Jasho linaendelea kutoka. Ipake asubuhi baada ya kuoga na kujikausha.

Dawa ya kuzuia jasho ina chumvi za alumini zinazoziba vijitundu vya jasho kwa muda. Chupa yake huandikwa neno "antiperspirant". Hii hufanya kazi vizuri zaidi ukiipaka usiku, kwapa likiwa kavu kabisa. Wengine huogopa kwamba inaleta saratani ya matiti, lakini utafiti uliofanywa haujathibitisha jambo hilo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Shabu ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga, ambalo watu wa Pwani wamelitumia tangu zamani. Unalilowesha, unapaka, unalikausha na kuliweka. Jiwe moja hukaa muda mrefu sana. Fahamu kwamba nalo lina alumini.

NGOZI YAKO INASEMAJE?

Kinachowasha watu mara nyingi ni manukato. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika atafute isiyo na manukato. Spiriti iliyo katika dawa nyingi huchoma ngozi iliyonyolewa, kwa hivyo nyoa jioni na upake kesho yake.

Jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, acha.

Usipake magadi wala musherekha. Ni vya jikoni, na vinaunguza ngozi. Ndimu nayo huchoma, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge na mabaka meusi. Jihadhari pia na dawa zinazoahidi kung'arisha kwapa. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 1998, lakini bado huuzwa kichinichini. Angalia alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

PIGA HESABU KWA WIKI

Usitazame bei ya chupa peke yake. Tuchukue mfano. Rolon ya shilingi 200 ikikaa wiki 8, ni shilingi 25 kwa wiki. Ya kupuliza ya shilingi 350 ikiisha wiki ya tano, ni shilingi 70 kwa wiki. Ile iliyoonekana ghali kidogo tu kwa macho inaweza kuwa ghali karibu mara tatu.

Kikundi kinaweza kununua dazeni kwa bei ya jumla na kugawana. Lakini kila mtu awe na chupa yake. Rolon haiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi.

Vikundi vinavyotaka kutengeneza na kuuza vitazame mfano wa Muliru, karibu na msitu wa Kakamega. Wakulima hao walifanya kazi na watafiti wa ICIPE, wakatengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub kutokana na mmea wa porini, na bidhaa yao ikasajiliwa. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Equator. Naturub si ya kwapa, ni ya mafua na maumivu. Funzo ni kwamba walipima na kusajili kwanza.

NENDA ZAHANATI UKIONA HAYA

- Uvimbe au majipu kwapani yanayorudi-rudi.
- Harufu au jasho lililobadilika ghafla.
- Jasho jingi usiku pamoja na kikohozi, homa au kupungua uzani. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu. Usiifunike na marashi. Matibabu yake katika hospitali za serikali ni bure.

KUMWAMBIA MWENZAKO

Usiseme mbele ya watu, wala usimwachie sabuni mlangoni. Mtu wa rika lake amwite kando: "Dada, nakuambia kwa sababu nakupenda. Siku hizi jasho linakusumbua kidogo. Hata mimi lilinisumbua, njoo nikuonyeshe nilivyofanya." Watoto wanaobalehe waambiwe mapema na shangazi au mjomba, kabla hawajachekwa shuleni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kwa mwezi nyumba yako inatumia pesa ngapi kwa sabuni, na ngapi kwa marashi?
2. Ni nani katika kikundi anafaa kuzungumza na vijana wetu?
3. Tukinunua kwa jumla, kila mmoja ataokoa shilingi ngapi?