Shilingi 500 za Kiogoro na mtambo wa Uchina

Mama anayeuza ndizi katika soko la Kiogoro, kilomita chache kutoka mjini Kisii, hana haja ya kujua mji wa Shenzhen uko pembe gani ya dunia. Analotaka ni moja tu: mteja akimlipa shilingi 500 kwa simu, ujumbe wa M-Pesa uingie kabla mteja huyo hajapanda matatu na kwenda zake. Ujumbe ukikawia, maneno huanza. Mteja huapa kwamba pesa zimetoka, mama naye huapa kwamba hazijaingia, na walio nyuma yao huanza kunung'unika.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza pesa hizo hupitia wapi katika sekunde hizo chache? Wengi hudhani zinaruka tu kutoka simu hii hadi ile. La hasha! Simu ya mkononi haina pesa ndani yake. Inachofanya ni kupeleka ombi hadi kwenye mnara ulio karibu, ombi hilo husafiri kwa mitambo na nyaya za faiba, na mwisho hufika kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva.

Seva si kompyuta kama ile ya afisini. Haina kioo cha kutazama wala kibodi ya kuandikia. Ni sanduku bapa la chuma, na masanduku mengi ya namna hiyo hupangwa kwenye rafu ndefu ndani ya chumba chenye baridi, mchana na usiku, huku jenereta zikiwa tayari stima ikipotea. Ifikirie kama lile daftari la muuza duka. Humo ndimo imeandikwa nani ana ngapi, nani amemtumia nani, na saa ngapi. Seva hutoa shilingi 500 kwa mteja, huziandika kwa mama, kisha huwajulisha wote wawili. Bila daftari hilo hakuna pesa.

Swali linalofaa kuulizwa na kila familia inayotumia huduma hii ni hili: daftari letu limetengenezwa na nani, na liko wapi?

DAFTARI LILILOKUWA UJERUMANI

M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya Machi 2007. Safaricom na Vodafone ndizo zilizoileta, na programu yake ya kwanza iliundwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Sagentia. Kwa miaka kadhaa seva zake hazikuwa Nairobi wala Mombasa. Zilikuwa Ujerumani. Ina maana kwamba mtu wa Kiogoro alipomtumia jirani yake pesa, ombi lake lilivuka bahari, likafika Ulaya, kisha likarudi hadi kwa jirani aliyesimama hatua kumi kutoka hapo. Safari ndefu namna hiyo ina vizingiti vingi. Waya wa chini ya bahari ukiguswa, biashara ya sokoni huku nyumbani ilitatizika.

Aprili 2015, Safaricom ilihamisha daftari hilo na kulileta nchini. Mtambo mpya uliochukua nafasi ya ule wa zamani ulitengenezwa na Huawei, kampuni ya Uchina. Leo M-Pesa ina wateja zaidi ya milioni 30 humu nchini, na Septemba 2025 Safaricom ilitangaza kuuboresha mfumo huo ili uweze kushughulikia malipo 6,000 kwa kila sekunde.

Huawei haikuja Kenya mwaka huo wa 2015. Ilikuwa hapa tangu 1998, wakati simu ya mkononi ilikuwa ya matajiri wachache. Ni miongoni mwa kampuni zilizotandaza faiba ya serikali kote nchini. Mwanzoni mwa 2011 vijana wengi walishika simu yao ya kwanza ya kisasa, IDEOS, iliyouzwa takriban shilingi 8,000. Nayo ilitengenezwa na Huawei. Na Machi 2021, Safaricom ilipoanza majaribio ya mtandao wa 5G kwa mitambo ya Huawei na Nokia, Kisii ilikuwa miongoni mwa miji minne ya kwanza, pamoja na Nairobi, Kisumu na Kakamega.

ALIANZA KWA KUUZA MALI YA WENZAKE

Kampuni hii ilianzishwa 1987 mjini Shenzhen na Ren Zhengfei, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika jeshi la Uchina. Mtaji ulikuwa yuan 21,000, pesa ambazo hazingetosha kujenga hata kiwanda kidogo. Kwa hivyo hakujenga. Alinunua swichi za simu za maafisini kutoka Hong Kong, akaziuza bara Uchina kwa faida ndogo. Kwa lugha ya sokoni, alikuwa mchuuzi kama wale wanaonunua ndizi Kisii na kuziuza Nairobi.

Lakini mchuuzi ana shida moja. Mwenye shamba akiamua kupandisha bei, au akiamua kumuuzia mwingine, biashara imekwisha. Ren aliliona hilo mapema. Badala ya kuila faida yote, aliwaajiri wahandisi wakaanza kuunda swichi yao wenyewe, na kufikia 1993 walikuwa na swichi kubwa ya kidijitali iliyoitwa C&C08.

Sasa waiuze wapi? Mijini kulikuwa na kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na Japani, zenye majina na pesa. Huawei ilikwenda mashambani, kwenye wilaya ndogo ambazo wageni hao hawakujishughulisha nazo. Bei ilikuwa ya chini, na mtambo ulipoharibika mafundi walifika. Baada ya kuzoeleka vijijini ndipo ilipoingia mijini, kisha ng'ambo. Haba na haba hujaza kibaba. Mnamo 2012 iliipiku Ericsson ya Uswidi na kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza mitambo ya mawasiliano. Kutoka kwenye mitambo ya simu iliingia pia katika seva, maana mitandao yote siku hizi huishia kwenye seva.

Siri ya kukua kwake si kitendawili. Katika 2024 kampuni hiyo ilipata mapato ya yuan bilioni 862, na kati ya hizo ilitumia karibu yuan bilioni 180 katika utafiti. Ni kusema kwamba katika kila shilingi 100 zilizoingia, zaidi ya 20 zilirudi kwenye maabara. Mkulima yeyote anaelewa hesabu hiyo. Ni sawa na kuvuna magunia matano na kutenga gunia moja zima kuwa mbegu.

Haya hayakutendeka kwa jasho tupu, wala hatusemi kwamba yote yalikuwa safi. Benki za serikali ya Uchina ziliwakopesha wateja wa Huawei katika nchi nyingi, jambo lililowarahisishia kununua mitambo yake. Mnamo 2003 kampuni ya Marekani ya Cisco iliishtaki kwa madai ya kunakili programu zake; kesi hiyo ilimalizwa 2004 baada ya Huawei kukubali kubadilisha baadhi ya bidhaa.

MAREKANI YAFUNGA MLANGO

Mei 2019 ndipo wingu jeusi lilipotanda. Serikali ya Marekani, ikidai kwamba kampuni hiyo ni hatari kwa usalama wake, iliiweka katika orodha ya wale wasioruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Huawei ilikana madai hayo. Hata hivyo kukana hakukuleta vipuri. Moyo wa seva ni chipu, na seva nyingi za Huawei zilitumia chipu za Intel, kampuni ya Marekani. Ilikuwa kama mwenye posho mill aliyenyimwa mawe ya kusagia.

Mapato ya kampuni yalianguka kutoka yuan bilioni 891 katika 2020 hadi bilioni 637 katika 2021. Mwaka huo huo iliuza biashara yake ya seva zilizotumia chipu za Intel kwa wanunuzi wenye uhusiano na serikali ya jimbo la Henan, na biashara hiyo sasa huitwa xFusion. Huawei ilibaki na seva zake za TaiShan, zinazotumia chipu iliyobuni yenyewe iitwayo Kunpeng, ambayo ilikuwa imeionyesha Januari 2019. Yule aliyekuwa mchuuzi wa swichi aliokolewa na ile mbegu aliyoiweka.

Haikuwa peke yake. Inspur ya mji wa Jinan, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa seva duniani, iliwekwa katika orodha hiyo Machi 2023.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo nyasi ndizo huumia. Katika ugomvi huu nyasi ni nchi kama Kenya, ambazo hazitengenezi seva bali hununua. Leo tunanunua kwa Mchina kwa sababu bei ni nafuu. Je, kesho Mchina akikosa chipu, au Mmarekani akituambia tuchague upande, daftari letu litakuwa mikononi mwa nani?

NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hofu hii ni ya kisiasa tu. Hebu tutazame mambo mawili.

Kwanza ni Konza. Aprili 2019 serikali ya Kenya ilitangaza mapatano na Huawei ya kujenga kituo cha kitaifa cha data katika mji mpya wa Konza, mradi wa takriban shilingi bilioni 17.5 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka Uchina. Kituo kama hicho ni muhimu. Rekodi za serikali zinapokaa humu nchini zinakuwa chini ya sheria zetu. Hata hivyo mkopo ni mkopo, na wa kuulipa ni walipa kodi, akiwemo yule mama wa Kiogoro anayekatwa kodi kila anaponunua muda wa maongezi.

Pili ni Addis Ababa. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba data kutoka makao makuu ya Muungano wa Afrika, jumba lililojengwa na Uchina, ilikuwa ikinakiliwa usiku hadi Shanghai. Uchina ilikanusha vikali, na viongozi wa Muungano wenyewe walikanusha pia. Si kazi yetu hapa kuamua nani msema kweli. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtu akikujengea nyumba, ni haki yako kubadilisha kufuli siku unapohamia, hata kama fundi huyo ni rafiki mwema. Ili ubadilishe kufuli, sharti uwe na mtu wa kwenu anayejua kuifungua.

Sheria ipo. Novemba 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data. Kwa mujibu wa sheria hiyo una haki ya kuuliza kampuni au afisi ina habari gani kukuhusu, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Mlinzi wa jumba anapokuandika nambari ya kitambulisho na ya simu, una haki ya kuuliza ni za nini. Si utovu wa adabu. Wazazi wawafundishe watoto wao hivyo tangu mapema.

FUNZO KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi wa Kisii anayesoma makala haya asidhani kwamba seva ni mambo ya Shenzhen na Nairobi pekee. Chuo Kikuu cha Kisii kiko karibu, na kozi za kompyuta na uhandisi zinafundishwa katika vyuo vingi nchini. Huawei yenyewe ina mpango wa mafunzo katika vyuo kadhaa vya Kenya, na tangu 2019 imetumia DigiTruck, kontena lililogeuzwa darasa lenye kompyuta na umeme wa jua, kuwafikia vijana wa mashambani. Nafasi kama hizo zisikataliwe. Tahadhari ni kwamba kampuni inapofundisha, hufundisha zaidi mitambo yake. Dereva aliyejifunza gari la aina moja tu hubabaika akipewa jingine. Jifunze misingi: jinsi seva inavyohifadhi data, jinsi mtandao unavyopeleka ujumbe, na jinsi mfumo unavyolindwa dhidi ya wezi. Misingi hiyo haina uraia.

Na kama yupo kijana anayefikiri kwamba mtu wa kijijini hawezi kuanzisha jambo la namna hii, akumbuke kwamba Huawei haikuanza na chipu wala seva. Ilianza kwa kuuza bidhaa ya wengine, ikaifungua, ikaielewa, halafu ikatengeneza yake. Huku Kisii tuna jirani zetu wa Tabaka, ambao wangeweza kuuza mawe ya sabuni yakiwa mabichi, lakini huyachonga kwanza na kuyauza yakiwa vinyago na bakuli.

Kwa sasa tunatumia mitambo ya Wachina, na hakuna aibu katika hilo. Hapo awali tulitumia ya Waingereza na Wajerumani. Aibu itakuwa pale ambapo miaka 20 ijayo shilingi 500 za Kiogoro zitakwama, na katika nchi nzima tusipate kijana hata mmoja anayeweza kuingia kwenye chumba kile cha baridi na kusema kasoro iko wapi.