Mizani, Vina na Takriri katika Utenzi wa Sala: Arudhi ya Kiswahili na Sikio la Kihaya

Makala haya yanafafanua umbo la utenzi wa sala wa Kikristo katika mazingira ya Bukoba na Muleba, ambako Kiswahili cha ibada hukutana na Kihaya. Bahari hii si ngeni katika ushairi wa Kikristo nchini; Mathias Mnyampala aliitumia katika *Utenzi wa Enjili Takatifu*. Suala ni kama kanuni zake, zilizofafanuliwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, zinatosha kupimia utungo unaosomwa kwa sikio la Kihaya.

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya mjadala huu:

Mwokozi nipe uwezo,
Nishinde kila kikwazo,
Niyaache machukizo,
Nidumu katika njia.

Kila mshororo una mizani 8. Vina vya mishororo 3 ya kwanza ni *-zo*, na wa nne hubeba kina cha bahari, *-a*. Kiarudhi, ubeti umetimia.

Hata hivyo, Kihaya hutofautisha irabu fupi na ndefu. Aidha, irabu hurefuka baada ya kiyeyusho na kabla ya nazali inayoandamana na konsonanti. Msomaji akihamishia mazoea hayo katika Kiswahili, *mwo-*, *-shi-* na *-kwa-* zitarefuka. Kwa kipimo cha muda, mshororo wa pili utakuwa na vipigo 10, ilhali wa tatu utabaki na 8, kwa kuwa *-aa-* ya *niyaache* tayari imehesabiwa kuwa mizani 2. Kinachosikika kama kasoro, basi, kimo katika usomaji. Hesabu ya mizani haijavunjika.

Takriri nayo yahitaji kupimwa kwa uangalifu. Neno *Mwokozi* likifungua kila ubeti, mhakiki anaweza kulihesabu kuwa uhaba wa msamiati. Lakini sala huelekezwa kwa msikilizaji mmoja, na wito unaorudiwa humrejesha mwombaji kwake kabla ya ombi jipya. Kina cha bahari hutenda vivyo hivyo mwishoni: huwawezesha waumini wasio na kitabu kutambua ukomo wa ubeti na kuitikia pamoja.

Kwa hiyo, mhariri anayepunguza takriri au kubadili neno kwa sababu "limevutwa" huenda akaharibu utungo uliokuwa sahihi. Tathmini ya haki hutenga mambo matatu: hesabu ya mizani, urefu wa matamshi, na kazi ya utungo katika ibada.