Meza ya chai ya mtaa: nani atachemsha maji kesho?

Vikundi vingi vinatamani kuweka meza ya chai kwenye avenyu yao: mabenchi mawili, mbabula, termos, mandazi au uji wa sosoma, na nafasi kwa jirani yeyote anayepita. Wanaoihudumia hawalipwi. Anayekuja anakaa nusu saa, anakunywa kitu cha moto, anajua jina la mtu aliyekaa pembeni yake. Kuianzisha ni rahisi. Wiki ya kwanza kila mama analeta sukari, watu wanajaa, vicheko vinasikika hadi barabarani. Mwezi wa tatu ndio unaoonyesha kama meza ina miguu.

Na tunaihitaji isimame. Kwenye mitaa ya Goma, Bukavu na Uvira majirani wanabadilika upesi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wengi walihama usiku mmoja, na si wote waliorudi pale walipokaa zamani. Wengine wanafika kutoka Masisi, Kalehe au Fizi wakikimbia vita. Wanapanga chumba nyuma ya nyumba yako, na mwaka unapita mkiendelea kumwita “mama wa pale nyuma”. Mtoto wake akishikwa na homa usiku, hajui agonge mlango gani.

Tuanze na jambo linaloua meza nyingi: uchovu wa mama mmoja. Kazi ya kujitolea haina mshahara, lakini ina gharama. Mama anayeuza ndizi sokoni, akikosa asubuhi moja, jioni nyumbani kwake sufuria inabaki juu ya rafu. Kwa hiyo wanaanza kuchelewa, mmoja baada ya mwingine, na anabaki yule mwenye roho ngumu, anayewasha makala kila siku. Siku akiugua, meza inakufa. Na mara nyingi yeye ndiye anayelaumiwa!

Fanyeni hesabu mapema. Mkiwa wamama 12, pangeni timu 4 za watu 3. Meza ifunguliwe mara 2 kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa. Zamu ya kila timu itarudi baada ya wiki 2, na hakuna nyumba itakayolala njaa kwa ajili ya chai ya mtaa. Mkiwa 6 tu, fungueni siku moja kwa wiki, bila aibu. Meza ya siku moja isiyokosa ni bora kuliko ya siku tano ambayo watu wanaikuta imefungwa.

Kwa nini watu 3? Mmoja anachemsha na kuosha, wa pili anagawa na kupokea falanga, wa tatu anakaa na wageni. Hiyo kazi ya tatu inaonekana kama uvivu, na wengine watasema, “Huyu anakaa tu.” Msiiondoe. Yeye ndiye anayemwona bibi aliyekuja mara ya kwanza akisimama mbali, anayemwita, anayemsogezea benchi. Yeye ndiye anayetambua kwamba mama fulani mwenye mimba ya miezi saba hajaenda CPN hata mara moja. Bila yeye mnauza chai, na wauza chai tunao wengi.

Asiyeweza kuja siku ya zamu yake atafute mwenyewe wa kumshikia nafasi, tangu jana yake jioni. Aliyejifungua au aliye na msiba atolewe kwenye orodha bila kuomba.

Jambo la pili ni maji. Kipindupindu hakijaziacha kando za Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, na kikombe kimoja kinachozunguka midomo 20 kinaweza kupeleka ugonjwa avenyu nzima kwa jina la ujirani. Maji yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, hata yale yaliyotoka kwenye robine. Vikombe vipite kwenye beseni la sabuni, kisha beseni la maji safi, kisha vimwagiwe maji ya moto kabla ya kupewa mwingine. Beseni la kusuuza likianza kuwa jeupe kwa maziwa, limwageni. Wekeni bido yenye robine na kipande cha sabuni mahali mgeni anapoingia, asilazimike kuuliza. Mama mwenye kuhara asiguse vyombo wala mandazi, zamu yake ibadilishwe.

Sasa feza. Wengi wetu tuko katika AVEC au MUSO, na tunajua sanduku lenye kufuli 3 na wamama 3 wenye funguo. Meza ya chai ifuate desturi hiyo hiyo, lakini kwa sanduku lake na daftari lake. Usichanganye hata siku moja falanga za chai na akiba ya kikundi. Siku ya kugawana akiba ikifika, mtu atauliza sukari ya Ijumaa ilitoka wapi, na hapo urafiki wa miaka kumi unaweza kuvunjika. Hesabu ifanyike mezani, mbele ya wageni, kabla ya mbabula kuzimwa: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.

Na kikombe cha bure? Hapa roho nzuri inahitaji kalamu. Tuseme asubuhi moja mnatengeneza vikombe 60, kila kimoja falanga 500. Vyote vikilipwa ni falanga 30000. Tuseme makala, sukari, majani, maziwa na sabuni vimekula 24000. Zinabaki 6000, yaani vikombe 12. Mnaweza kutoa vikombe 12 bila malipo asubuhi hiyo. Cha 13 kinaanza kula mtaji. Bei za soko lenu zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni hiyo, na kila timu iijue namba yake.

Kuna mahali wamefikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mjini Denver, Marekani, bwana na bibi Brad na Libby Birky walifungua mwaka 2006 mkahawa uitwao SAME Cafe, usioandika bei ya chakula. Mtu anatoa anachoweza. Asiye na pesa anasaidia kazi kwa muda, au analeta mazao ya bustani. Huko huko Marekani kampuni kubwa, Panera, ilijaribu kufungua mikahawa ya namna hiyo kuanzia mwaka 2010, na wa mwisho ukafungwa mwaka 2019 kwa sababu gharama hazikurudi. Kwetu, fungu la lengalenga, bido moja ya maji au nusu saa ya kuosha vikombe ni malipo kamili, na yaandikwe kwenye daftari kama malipo.

Watu wa Napoli, Italia, wana desturi nyingine: mtu analipa kahawa mbili, anakunywa moja, ya pili inamngoja asiye nayo. Kwenye meza yetu tunaweza kutumia chupa na punje za maharagi. Anayelipia jirani anaweka punje moja ndani ya chupa. Asiye na kitu anahudumiwa kama wengine, na mama wa zamu anatoa punje kimyakimya. Hakuna anayetangaza nani alitoa wala nani alipokea.

(Mtaniuliza kwa nini chai, wakati kahawa nzuri inatoka Idjwi na Minova. Nami nauliza vilevile. Kuna wanaume wengi wa Idjwi waliozama ziwani wakivusha kahawa usiku kuipeleka Rwanda, na wajane wao wanaendelea kuilima, ilhali sisi tunaona magunia yakipita tu. Kilo moja ya kuonja haitaumiza sanduku.)

Mengi yatasemwa kwenye mabenchi hayo. Yale ya ndani ya nyumba za watu yabaki hapo. Mama au msichana akisema amebakwa, msimjadili mezani wala msimwambie arudi kesho. Wawili wampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Andikeni nyuma ya daftari simu ya muuguzi wa karibu. Mgeni wa kawaida asipoonekana mara mbili mfululizo, wawili waende kumsalimia, mikono mitupu ikibidi.

Kabla ya siku ya kwanza, shefu wa avenyu apate barua fupi yenye majina ya wamama wote, siku za meza na saa. Waume wasikie kwa wake zao, si kwa majirani. Chagueni baraza lenye paa, maana mvua haingoji chai iive. Kisha nunueni sukari ya zamu 2 tu, mwone inavyokwenda.