Vifaa vya kuzungusha hewa kwenye injini haviokoi mafuta

Kwa dereva wa daladala kati ya Mjini na Nungwi, kila lita ya mafuta ni sehemu ya riziki. Ndiyo maana kifaa cha bei nafuu kinachodaiwa kuzungusha hewa iingiayo kwenye injini humvutia. Hata hivyo, kompyuta ya gari la kisasa hupima hewa hiyo na kutoa mafuta kwa kiasi chake. Kifaa kinachopachikwa kwenye bomba huishia kuizuia.

Wakala wa Mazingira wa Marekani (EPA) ulichunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta. Vilivyoleta nafuu ni vichache mno, tena ndogo.

Ni heri fedha hiyo inunue chujio jipya, kwani lililojaa vumbi hupunguza nguvu ya gari, na matairi yajazwe upepo ipasavyo.