Watazamaji Walipokabidhiwa Bastola

Mtu aendaye kutazama michoro au vinyago huujua mpaka wake: hutazama, husifu au hulaumu, kisha hurejea nyumbani. Mjini Naples, nchini Italia, mwaka 1974, mpaka huo uliondolewa kwa muda wa saa sita, tangu saa mbili usiku hadi saa nane, na yaliyotokea yangali yakisimuliwa.

Aliyeuondoa ni Marina Abramović, msanii aliyezaliwa Belgrade mwaka 1946, binti wa wazazi ambao wote wawili walikuwa wapiganaji wa Tito katika Vita Kuu ya Pili. Alisimama kimya katika chumba cha Studio Morra, karibu na meza yenye vitu 72. Vilikuwamo waridi, unyoya, asali, mkate na zabibu; vilikuwamo pia mkasi, kisu cha daktari mpasuaji, misumari, bastola na risasi moja. Tangazo liliwaruhusu watazamaji kuvitumia juu ya mwili wake wapendavyo, na kuwajulisha kwamba dhamana yote ni yake mwenyewe. Onyesho hilo liliitwa Rhythm 0.

Mwanzoni watu waliona haya. Huyu alimpa waridi, yule alimbusu. Kadiri saa zilivyokwenda, haya ikapungua. Nguo zake zilikatwa. Miiba ya waridi ikachomwa mwilini mwake. Mmoja akamkata shingoni. Machozi yalimlengalenga, lakini hakusogea wala kutamka neno. Hatimaye mtu aliitia bastola risasi, akamshikisha mkononi na kuielekeza shingoni mwake.

Askari ye yote ajuaye taratibu za ghala la silaha atashangaa kwamba risasi iliachwa mezani pamoja na bastola, naye atakuwa na haki ya kushangaa. Lakini lililo kubwa zaidi lilitokea baada ya hapo. Watazamaji waligawanyika: wengine waliingilia kati kuiondoa silaha ile, ugomvi ukazuka baina yao na wenzao. Tangazo lilikuwa limewaondolea lawama wote kwa kipimo kimoja, na hata hivyo hawakutenda sawa.

Muda ulipokwisha, Abramović alianza kutembea kuwaelekea, sasa akiwa mtu tena wala si kitu. Wakakimbia, wasiweze kumtazama usoni.